Picha Iliyobandikwa Katikati ya Mwanga

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, na nikiikumbuka damu bado inanichemka.

Mama yangu alikuwa amefariki, na nyumbani kwetu Msanzi tulikuwa tunajiandaa kwa misa ya kumwombea. Nilikuwa kijana, mchoraji wa kujifunza mwenyewe. Nikamtengenezea kazi ya kutundika dirishani: nailoni za ndani ya mifuko ya mbolea, nimeziosha vizuri, kipande cha chandarua chake, na mtandio wake wa njano aliojifunga akipepeta ulezi. Kila tabaka nililipaka rangi nyepesi, nikalilaza juu ya jingine. Hapakuwa na sura ya mtu humo, wala nyumba, wala mti. Jua likipita kwa nyuma, njano ilijitokeza taratibu chini ya kijani, na chumba kizima kikawa na rangi ya mama. Sijui kuieleza zaidi ya hapo.

Mjomba alifika jioni kutoka Kasesya, alikokuwa akifanya biashara mpakani. Akaitazama, akacheka.

"Watu wanakuja kumkumbuka dada yangu, wewe unawatundikia nailoni? Mwenyewe yuko wapi hapa?"

Akachukua ile picha kubwa iliyotangulia mbele ya jeneza siku ya mazishi, akaipaka gundi, akaibandika katikati. Na mimi, kwa kuogopa kuitwa mtovu wa adabu, nikamshikia fremu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe; mimi nilimchelea mjomba.

Asubuhi jua lilipochomoza, watu wamejaa sebuleni, rangi zote ziliwaka isipokuwa pale katikati. Karatasi ngumu ya picha haipitishi mwanga. Uso wa mama haukuonekana kabisa, palikuwa na mraba mweusi tu.

Mama mkubwa, dada yao wa kwanza, akasimama. Hakupaza sauti.

"Umemzika mdogo wangu mara ya pili," alimwambia mjomba. Kisha akanigeukia. "Na wewe umemshikia jembe."

Nilijaribu kuibandua. Mtandio ukachanika pamoja nayo, na mama hakuacha mwingine. Mjomba naye ameshafariki, Mungu amlaze mahali pema, na bado nina hasira naye. Asiyejua maana haambiwi maana, sawa, lakini gundi pia hapewi. Hasira kubwa zaidi ninayo kwa yule kijana aliyeshika fremu.

Sasa jana unaniambia mteja anataka umwekee twiga katikati ya kazi yako ili wageni wake waelewe, na wewe unasema, "Poa tu, mzee, yule ni mtu mzima." Poa nini? Mtu mzima mwamkie, mpe kiti, mpe togwa anywe. Kazi ya mkono wako si kiti. Mwambie hapana, kwa adabu, kabla hajaigusa. Akikasirika, akasirike. Hasira yake itaisha, lakini kilichoharibika hakitarudi.

Nenda, mwanangu. Mungu aubariki mkono wako, na akupe mdomo wa kuulinda.