Hedwiga na Bati la Besi

Hedwiga Mmbaga alianza kupiga gitaa la besi akiwa na miaka thelathini na minane, mama wa watoto watatu, mkulima wa tangawizi hapa Mhezi. Mpigaji besi wa kwaya yetu alikuwa amehamia Arusha, gitaa likabaki limetundikwa ukutani, naye akaomba ajaribu. Hakuna aliyemkatalia kwa sababu hakuna aliyedhani angeweza. Mwaka haukuisha, tukawa hatuwezi kuimba bila yeye. Mimi naimba teno na nasimama nyuma yake. Besi ya Hedwiga ndiyo iliyokuwa inanishika mkono kila wimbo ulipoanza kuniponyoka.

Kanisani kwetu hapakuwa na shida. Amplifaya yake ndogo ilikaa miguuni pake, ikatosha. Shida ilitupata Same mjini, kwenye tamasha la kwaya, uwanjani, mbele ya umati ambao wengi wetu hatukuwahi kuuona mfano wake. Miksa, ile meza ya kurekebisha sauti, ilikuwa chini ya hema, hatua kama hamsini kutoka jukwaani. Fundi mitambo, kijana aitwaye Clemence, alisema amplifaya ya Hedwiga haina kazi pale. Akaunganisha nyaya za gitaa mbili tatu mpaka zikawa ndefu, akazichomeka moja kwa moja kwenye miksa. Spika zikanguruma kama mashine ya kusaga. Clemence akaizima besi, basi.

Hedwiga alipiga nyimbo zote tatu hivyohivyo, vidole vikitembea, sauti haipo. Sisi nyuma yake tulipotea. Kati ya kwaya kumi na moja tulikuwa wa tisa.

Njia nzima ya kupanda mlima alilipakata gitaa. Kijijini maneno hayakukosekana. Wapo waliosema kwamba mwanamke yule anabeba gitaa kama mkufu, la urembo tu. Yalimfikia.

Jumatatu yake alishuka tena Same, kwa mzee Athumani, fundi redio wa karibu na stendi. Alimwamkia, akakaa, akamweleza mambo yote. Athumani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ule waya ulikuwa na urefu gani. Alipoambiwa, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, kosa si la gitaa wala si la vidole vyako," alisema. "Sauti inayotoka kwenye gitaa ni dhaifu. Wewe unayajua maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Ukiyapitisha kwenye mfereji wa udongo, shamba la karibu yanafika. La mbali, yananyonywa njiani na kuokota takataka. Yanataka bomba."

Bomba lenyewe, akaeleza, ni kiboksi ambacho mafundi wa muziki hukiita DI. Gitaa linaingia upande mmoja, na upande wa pili unatoka waya wa maiki, ambao huenda mbali bila kuokota kelele. Ndani yake hamna maajabu, ni transfoma moja ndogo. Yeye hakuwa nacho, wala hakumjua mtu wa Same anayekiuza.

Hedwiga akauliza hiyo transfoma inafananaje. Athumani akasema inakaribia ukubwa wa kiberiti, na kwamba amplifaya nyingi za zamani za makanisani zilikuwa nayo kwenye tundu la maiki, ila ile ilifanya kazi kinyume: ilipokea kutoka kwenye waya mrefu wa maiki na kuingiza kwenye mashine.

"Na mtu akiigeuza?" Hedwiga aliuliza.

Athumani alichora kwa kidole juu ya benchi lake la kazi. "Akiigeuza," alisema, "atapata anachotaka."

Stoo ya kigango chetu ilikuwa na amplifaya ya namna hiyo, imekufa tangu sisi watoto, juu yake pamepangwa viti vibovu. Ufunguo alikuwa nao Sifael, kiongozi wetu wa kwaya. Sifael hakuelewa hata nusu ya alichoelezwa, lakini alimwombea ruhusa kwa padre, na Hedwiga akaiteremsha mashine ile kwa bodaboda, ameikumbatia.

Athumani hakumfanyia kazi. Alimpa chuma cha kulehemu mkononi. Alimwambia kwamba waya ukikatika huko milimani hatakuwepo fundi wa kuuunga, kwa hiyo ajifunze. Jumamosi tatu Hedwiga alikaa kwenye benchi lile. Aliungua vidole, na kwa mpigaji besi hilo ni jambo. Mara mbili alimaliza na kiboksi hakikutoa hata mlio. Mara ya tatu alifuata mchoro wa Athumani kwa kalamu, waya baada ya waya, akagundua mbili alizozipishanisha. Vyote alivifunga ndani ya bati la biskuti, maana bati huzuia kelele za umeme, na ubavuni akaweka swichi ndogo ya kukata njia ya ethi, yaani ule waya wa ardhini, kwa zile siku mashine mbili zinapogombania ethi na kuanza kunguruma.

Walivuta waya mrefu mpaka ng'ambo ya barabara na kuurudisha. Hedwiga akagusa uzi mmoja. Sauti ilitoka nene, safi, imetulia. Athumani akaenda kuwaita majirani waje wasikie.

Mwaka uliofuata tulirudi uwanjani. Clemence alimwamkia Hedwiga kwa adabu, kisha akaliona bati.

"Mama, hilo likiniunguzia miksa, mwenye vyombo nitamwambia nini?"

Akasema tungeona zamu yetu ikifika. Kabla yetu ilikuwa kwaya ya Ndungu, washindi wa mwaka uliopita. Mpigaji wao mpya wa besi alikuwa Ledama, kijana mrefu wa wafugaji wa huko bondeni. Safari hii Clemence alikuwa ameacha amplifaya jukwaani na kuvuta waya mwingine kutoka kwenye amplifaya hiyo mpaka kwenye miksa. Ledama alipogusa uzi, mngurumo uleule ukajaa uwanja. Nikamwona Clemence anapeleka mkono aizime.

Hedwiga akasimama na bati lake. Sifael alimshika mkono, akamnong'oneza kwamba hawa ndio wapinzani wetu, awaache.

"Nilishasimama pale, Sifael," alisema. "Siwezi kukaa nikaangalia."

Alipanda jukwaani, akauchomoa ule waya wa miksa, akaiunganisha amplifaya na bati, kisha akamwomba Clemence waya wa maiki. Clemence akasita, lakini umati ulikuwa unamtazama. Akaupeleka. Mngurumo ukapungua, haukuisha. Hedwiga akasukuma ile swichi ya ethi.

Kukawa kimya mpaka tukasikia upepo unavyopiga turubai. Kisha Ledama akapiga, na akina bibi waliokaa mbele wakashika vifua vyao. Clemence alivua vifaa vya masikioni, akatazama spika zake, akavivaa tena.

Ndungu waliimba vizuri mno. Sifael alikuwa anafuta jasho. Lakini zamu yetu ilipofika, Hedwiga alipiga noti ya kwanza na mimi nikaisikia ikipanda kutoka kwenye mbao, kupitia miguuni, mpaka kooni, na sote tukaingia pamoja kama mtu mmoja. Kwenye wimbo wa tatu uwanja mzima ulikuwa umesimama. Hata watu wa Ndungu walikuwa wanacheza.

Tulikuwa wa kwanza, Ndungu wa pili. Ledama alikuja kumshika Hedwiga mikono miwili, akasema ni yeye aliyewapa Ndungu ile nafasi ya pili. Clemence alikuwa amechuchumaa mbele ya bati, analigeuzageuza.

"Mama," alisema, "nitengenezee manne."

Alimtengenezea. Athumani sasa anamtafutia amplifaya zilizokufa kila mahali, na kwaya za Suji, Chome na Ndungu zina mabati ya Hedwiga. Wale waliosema gitaa ni la urembo humletea redio zao azitazame, naye huzitazama.

Mwaka huu kamati ya tamasha ilimwandikia barua ikimwomba akae kwenye miksa pamoja na Clemence. Alijibu kwamba atakaa siku nzima, isipokuwa zamu ya Mhezi. Hapo watamkuta jukwaani.