Hodi Kabla ya Ateliye

Niliwasikia kabla ya kuwaona. Mwenye toleka, ile teksi ya baiskeli iliyonibeba, alikuwa bado anakanyaga kuelekea geti la shule yetu, hapa mtaa wa Makiso, na sauti ya darasa langu likijizoeza salamu ilikwisha kuruka ukuta: "Bonjour, maman ingénieur! Karibu kwetu!" Sauti moja, nene, tamu kama ya kwaya. Mwenye toleka aligeuka akaniuliza kama leo tuna harusi. Nikamwambia tuna zaidi ya harusi.

Asubuhi hiyo mama mhandisi, mkuu wa ateliye, karakana ya kutengeneza meli pale bandarini, alikuwa anakuja kuwaona wanafunzi wangu wa mekanika kabla ya kukubali watembelee kazi yake. Sharti lake lilikuwa moja. Shule fulani iliwahi kumletea vijana waliosimama kimya kama maua ya mapambo katikati ya minyororo na cheche za moto. Safari hii alitaka watu wanaouliza. Wasiouliza wabaki shuleni.

Nilikuwa nimewatayarisha kwa namna niliyojivunia. Tangu shule ya msingi wamezoea kujibu wote pamoja mpaka madirisha yatetemeke. Kwa hiyo nilimtoa kila mmoja nje peke yake: afunge mlango, abishe hodi, aingie, atoe mkono, aulize ulizo lake. Mimi nilikaa kitini nimevaa kofia ya mchomeleaji, nikijifanya mhandisi. Jasho lilinitiririka humo ndani nami sikutaka kuivua.

Mmoja tu hakufika mwisho. Alikuwa msichana kutoka Bafwasende, anayeishi mjini kwa shangazi yake. Alikulia kando ya barabara ya malori, akazisikiliza injini jinsi wengine wanavyosikiliza redio, na hakuna aliyeitaka ziara ile kuliko yeye. Lakini kila alipobisha na kuingia, alinipa mkono, akatazama sakafu, akatoka. Wenzake walimtania kwamba ataiuliza mashini kwa macho, nayo itamjibu kwa moshi. Hata yeye alicheka.

Basi mama mhandisi akaingia, grisi ikiwa bado kwenye buti zake, na darasa likainuka na salamu yake ya kwaya. Akatabasamu. Akauliza nani ana ulizo.

"Sisi wote, maman!"

Akauliza ni ulizo gani.

"Ya kazi, maman!"

Hapo nikaliona kosa langu. Hakuna aliyekuwa ametoka nje, hakuna aliyebisha, na bila hodi hakuna aliyekumbuka namna ya kuuliza. Mama mhandisi alinitazama bila ukali, akachukua mkoba wake.

Ndipo yule msichana akaacha dawati lake, akampita, akatoka, akafunga mlango. Nilidhani amekwenda kulia. Kisha tukasikia akibisha.

"Ingia," mama mhandisi akasema, mkoba begani.

Msichana akaingia, akatoa mkono, safari hii macho juu. "Maman, injini ikizimika katikati ya mto, mutu anaanza kuangalia nini?"

"Anaangalia maji yanamupeleka wapi. Anatupa nanga. Kiisha ndiyo anafungua injini." Mama mhandisi hakuuachia mkono wake. "Na wewe, ulitoka inje juu ya nini?"

"Ni vile prof alitufundisha, maman. Ulizo inaanzia inje."

Mama mhandisi akacheka mpaka akaketi, na mkoba ukarudi mezani. Wengine hawakungoja. Waliminyana kutoka, wakapanga foleni barazani wakigombana nani abishe kwanza, na mlango ule mkuukuu ukafunguka na kufungika, hodi juu ya hodi: moto wa kuchomelea unaumiza macho namna gani, chuma cha meli kinaoza kuanzia wapi, mwanamke anaweza kuanza kazi bila kaka wa kumwingiza pale ndani? Nilisimama ukutani nikijizuia nisirukeruke kama mtoto. Kila hodi ilinigonga kifuani.

Mwishowe akasema twende Jumatatu, viatu vya kufunika vidole, nywele zifungwe. Kisha akamwelekezea kidole msichana wa Bafwasende.

"Huyu atasimama pembeni yangu. Kuna injini tutafungua."

Msichana alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Mama mhandisi akafika mlangoni, akaugonga kidogo kwa ndani, kana kwamba anaomba ruhusa ya kutoka.

"Toka, maman!" darasa zima likajibu kwa sauti moja.

Akatoka, mabega yakimtikisika kwa kicheko, na mlango ukajifunga nyuma yake.