Bomba la Jumamosi

Pale Shishiyu bomba la kupulizia dawa ya pamba lilikuwa moja kwa wakulima saba, kila mmoja na siku yake. Kura ilimpa baba Jumamosi, na baba ni Msabato. Basi kila Ijumaa jioni bomba lililetwa kwetu, likawekwa nyuma ya mlango, na Jumapili asubuhi jirani Mkatoliki akaja kulichukua likiwa kavu. Wiki tatu. Funza walikuwa wameshaingia kwenye vitumba.

Hali hiyo niliikuta nilipotoka Bariadi kwa likizo. Nikamuuliza baba kwa nini hakubadilishana zamu na jirani.

"Sabato haifanyiwi biashara."

"Zamu si biashara, baba."

"Wewe uliyeiacha ndiye wa kunifundisha?"

Kweli niliiacha, mjini nasali Jumapili. Lakini Biblia ni ileile. Nikamfungulia pale Yesu anapouliza nani atamwacha ng'ombe wake kisimani siku ya Sabato. Baba akavaa miwani, akasoma polepole, akafunga kitabu.

"Huyo ni ng'ombe," akasema. "Pamba yangu haijatumbukia kokote."

Naamini Muumba alifanya kazi siku sita akapumzika ya saba. Sijasoma popote kwamba funza nao walipumzika. Nikaenda kwa jirani mwenyewe, nikamwamkia Kisukuma.

"Mwangaluka, baba mdogo. Wiki tatu unachukua bomba kavu, hukujiuliza?"

"Nilijiuliza. Nikasema mzee akitaka ataniomba." Alicheka. "Achukue Jumapili yangu, mimi nitapulizia Jumamosi. Mwambie Jumapili haina sumu."

Achukue Jumapili yangu: maneno matatu tu, na wazee wawili wa sala walikuwa wameyangoja wiki tatu, huku kila mmoja akimwombea mwenzake mvua.

Baba alikubali. Baada ya kukubali ndipo akanieleza kwamba mgongo wake hauwezi tena kubeba bomba.

Kwa hiyo Jumapili hiyo, kengele ya misa ikilia ng'ambo, nilikuwa katikati ya pamba, lita kumi na sita mgongoni, nimekosa ibada. Mistari ya chini tulikuwa tumeshaipoteza. Ya juu ilikuwa bado na matumaini. Baba alikaa kivulini, amepumzika vizuri tangu juzi jioni, akinionyesha kwa fimbo miche niliyoiruka.

"Usikimbie," akasema. "Leo ni siku ya kazi."