Ndoana Hufuata Mpira

Mkono wangu wa kushoto ninao, lakini haunifai kitu. Kuanzia kwenye kiwiko kwenda chini, hata ukiuchoma mwiba sisikii. Mamba wa mto Ruvuvu ndiye aliyeutafuna, na aliyeniacha nitafunwe namtaja kila nikipata nafasi: ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Tulikuwa wawili kwenye mtumbwi, tunavuta migonzo, ile kamba ndefu yenye ndoana nyingi. Mamba aliponidaka nikaenda chini, shemeji alishika kasia akapiga kuelekea ng'ambo. Hakugeuka. Nilitolewa na watu waliokuja kunywesha ng'ombe.

Wa pili ninayemtaja ni mwenyekiti wetu wa kijiji. Nilipompelekea habari ile, aliniambia mto una mambo yake, na ndugu hawashtakiani kwa ajili ya mnyama. Jioni akaonekana na shemeji wanakunywa pombe ya ndizi. Basi, kesi ikawa imeisha.

Mtu wa mkono mmoja hapigi kasia, havuti wavu, na jembe ndiyo usiseme. Kwa hiyo nikahamia Nyakisasa kwa dada, na tangu hapo nikawa nakula chakula cha yuleyule aliyeniacha majini. Sahani aliileta dada, lakini ugali ulitoka shambani kwa mumewe, na maziwa yalikuwa ya ng'ombe wake. Nilikuwa nameza bila kusikia ladha. Watu waliniuliza kama nina hasira, nikawajibu sijui. Nilichokitaka kilikuwa kimoja tu: nile kitu nilichokipata mwenyewe, jiko la yule mtu liwe la kwake na mkewe.

Kuna lambo huku, walilichimba wafugaji wa Kisukuma kwa ajili ya mifugo yao. Mamba hamna. Kambare wamo. Nilianza na fimbo, mshipi na minyoo. Sasa jaribu wewe kumvika mnyoo kwenye ndoana kwa mkono mmoja. Ndoana unaibana kwa meno, mnyoo anateleza, anajikunja, anakuachia udongo mdomoni. Ukishamtupa majini, vidagaa wanamdokoa, anakwisha kabla kambare hajapata habari. Unaanza upya. Jua likizama nilikuwa narudi kwenye sahani ileile.

Siku moja dada alininunulia kizibao cha mtumba kwenye gulio la Kasulo, chenye mifuko kila mahali, eti kinisaidie kubebea vitu vyangu. Kwenye mfuko wa ndani nikakuta visamaki vya mpira, laini kama ndewe ya sikio, kila kimoja urefu wa kidole, na mkia mwembamba wa kuchezacheza. Ndoana havikuwa nazo.

Shemeji alichukua kimoja akakinusa.

"Shemeji, hii ni bazoka ya Wazungu. Tafuna."

"Ni chambo hicho."

"Chambo! Samaki wa huku wamezoea kula watu, leo watakula mpira?"

Akacheka peke yake. Dada akamwambia, "We mwanaume, Mungu alikupa moyo au jiwe?" Aliendelea kucheka. Mimi nilikuwa naangalia ule mkia. Nilijaribu kumchukia palepale, nikakuta hata chuki yenyewe haiji. Nilichokuwa nawaza ni kwamba mpira haudokolewi ukaisha. Ukishauvika umeuvika, na mkono mmoja unatosha.

Kosa nililofanya ni la mtu wa migonzo. Sisi tulifundishwa kuchagua ndoana kwa mdomo wa samaki. Sato ana mdomo mdogo, mpe ndoana ndogo. Kambare ana mdomo kama gunia, mpe kubwa. Basi nikatafuta kwenye vitu vyangu ndoana kubwa ya migonzo, nikamvika kisamaki. Chuma kikampasua tumbo. Majini akalala ubavu, mkia hauchezi, anaburutwa kama kitambaa kilichodondoka. Kambare hata hawakuja kumtazama.

Nikabadilisha, nikaweka ile ya sato. Hapo aliogelea vizuri mpaka mimi mwenyewe nikashangaa. Kambare akapiga, nikavuta, akaachia. Akapiga mwingine, akaachia. Nilipomtoa nje kumkagua, nikaona mpira umejikunja wote ndani ya kona ya ndoana, umeijaza, na ncha imejizika humohumo kwenye mpira. Kambare alikuwa anauma mpira mtupu, chuma hakimfikii.

Nilipokwenda Biharamulo hospitalini kuangaliwa mkono, nilipita sokoni kwa mama mmoja kijana anayeuza nyuzi na nyavu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nataka ndoana."

"Ya samaki gani?"

"Usiniulize samaki. Muulize huyu." Nikamlaza kisamaki mezani.

Akamtazama, akanitazama. "Heee! Baba, umemleta mtoto tumpime viatu?"

"Mletee kiatu, mama."

Akamwaga ndoana kwenye kifuniko cha kopo. Akanikumbusha kuwa namba ikipanda ukubwa wa ndoana unapungua, wengi wanakosea hapo. Nikawa nachukua moja moja, namlaza kisamaki kwenye uwazi ulio kati ya ncha na mti wa ndoana.

"Hiyo inambana," akasema.

"Naona."

"Na hiyo inampwaya. Atachekwa shuleni."

Tulifika kwenye moja ambayo mpira ulijaza nusu ya uwazi, nusu ikabaki tupu. Ile nusu tupu ni ya mdomo wa samaki. Nikaibana kwa meno nikamvika palepale, nione. Ncha ilitokea mgongoni katikati, mkia ukabaki huru. Kumbe samaki anakuja baadaye. Kwanza ni unene wa mpira.

"Mbona unatumia meno, baba?"

"Mkono umekufa."

"Pole. Uliugua?"

"Mamba na shemeji."

"Na shemeji tena?"

"Mamba angalau alikuwa na njaa."

Akanifungia zile ndoana kwenye gazeti, na utani wake ukaishia hapo.

Lamboni nilimpaka kisamaki utumbo wa kuku, maana kambare anatafuta kwa harufu zaidi ya macho. Nikamtupa, nikamvuta polepole juu ya tope. Alipopiga sikuvuta kwa mkono. Nilijizungushia mshipi kiunoni nikarudi kinyumenyume hadi juu ya ukingo, naye akaja, kambare mnene mweusi, ndoana imeshika pembeni ya mdomo, imeshika kweli.

Nilimpika nje ya kibanda changu cha uani kwa dada, juu ya mafiga yangu. Dada akaja na sahani.

"Chakula chako, kaka."

"Mrudishie mwenyewe."

Alisimama na ile sahani mkononi. Hakuondoka. Harufu ilikuwa imeshamfikia mumewe, naye akaja akichekacheka.

"Shemeji, umepata! Hata mkia hunipi?"

Nilimkatia kipande cha katikati, kile kizuri. Akakila kikiwa cha moto, analamba vidole. Nilimtazama nikingoja nisikie kitu, raha au machozi, chochote. Sikusikia. Nilikula sehemu yangu bila ugali. Chumvi niliisikia.

"Mnono huyu," akasema. "Wapo wengi?"

"Wapo."

"Basi kesho twende wote."

"Nakwenda peke yangu."

Akabaki na mwiba wa samaki mkononi, hajui autupe wapi. Dada ndiye aliyegeuka kwanza, akarudi jikoni kwake na ugali wake, na kesho yake hakuniletea tena.