Chumvi ya Majivu

Leo, karibu na mto Tshopo, nimenusa moshi wa majani ya majini, na mara nikawa tena jikoni kwa koko, bibi yetu.

Mdogo wangu alikuwa mgonjwa wa figo. Daktari alimpa vidonge vya kalsiamu atafune na chakula, akakataza chumvi. Mtoto akaisukuma sombe, mboga ya majani ya muhogo, isiyo na ladha. Koko akachoma majani ya majini, akachuja majivu kwa maji, akachemsha maji hayo mpaka ikabaki chumvi ya kijivu.

“Docteur alikataza chumvi ya butike, ile ya kununua,” alisema. “Hii iko ya wazee wetu. Kula, mutoto wangu.”

Alikula akalamba sahani. Tulicheka.

Wiki hiyo moyo wa mdogo wangu ulisimama, akafa. Daktari alisema chumvi ile ya majivu ndiyo mbaya zaidi kwa mgonjwa wa figo: imejaa potasiamu, ambayo figo zikishindwa kuitoa husimamisha moyo.

Koko hakutia tena chumvi kwenye sahani yake mwenyewe.