Mikono Tu

Kwenye mchoro ule tope lina rangi ya asali. Niliutazama mara mbili, maana mimi kila kitu hukihesabu mara mbili, na mara zote mbili ni asali tu. Tope lenyewe nalijua. Ni jeusi, na linanuka kama yai viza lililosahauliwa ndani ya kiatu.

Shangazi yangu hufukia makumbi ya nazi pwani, kwenye tope la maji kupwa, yakae miezi mpaka yaoze. Kisha huyafukua, akayaponda, akatoa usumba, nyuzi za kusokotea kamba. Siku mgeni mchoraji alipokuja na kamera, aliyempeleka ni mimi. Mimi mkalimani, mimi dalali, mimi mjuaji wa mjini Tibirinzi na viatu vyangu vyeupe.

Tulimkuta shangazi ndani ya shimo, tope mpaka mapajani, ushungi umemteleza shingoni.

"Mwambie apige mikono tu," alisema. "Uso wangu si pambo la ukuta. Umenisikia?"

Nilimsikia. Lakini papo hapo akalizibua kumbi jingine, harufu ikanivaa, matapishi yakanifika kooni nikayameza. Mgeni akaniuliza amesema nini. Nikamjibu kwa neno fupi kuliko yote, lile la kutoka bila kuvuta pumzi: sawa. Akapiga, tukaondoka.

Mwaka uliofuata mchoro uliotokana na picha zile ukaletwa zawadi kwenye nyumba ya wageni moja Chake Chake, ukatundikwa penye meza za chai. Uso wote, kichwa wazi, mapaja yanang'aa, na tabasamu ambalo shangazi hajapata kuwa nalo hata siku ya Idi. Mikono, ile aliyoiruhusu, imezama topeni. Nilihesabu vidole, nikarudia. Hakuna hata kimoja.

Wachuuzi wa Tumbe waliopeleka pweza jikoni mle ndio walioileta habari pwani. Shangazi akaniita.

"Niletee picha yangu. Wanaume wanantazama mapaja huku wanatafuna chapati. Na ulowapa ni wewe."

Nikaenda. Mwenye nyumba alinikaribisha kahawa.

"Hiyo haishuki, shehe wangu. Wageni wanaipenda. Wanasema ukiitazama tu, unainusa Pemba."

"Unainusa?"

"Kabisa!"

Nikamtajia mkeka mpya badala yake. Akacheka. Nikaongeza na kamba. Akacheka zaidi. Nikaona huyu anasifu mzigo asioujua.

Kesho yake asubuhi nikarudi na gunia la makumbi yaliyofukuliwa alfajiri. Ishirini, nikarudia, ishirini. Nikaliweka chini ya mchoro, nikalifungua. Maji meusi yakatambaa sakafuni. Mgeni mmoja akaliacha yai lake. Wa pili akaliacha yai na meza yake.

"Nini hiki, mshenzi wee!" mwenye nyumba alifoka, kitambaa puani.

"Ndiyo Pemba yenyewe, bwana. Hiyo ya ukutani ni nusu. Zinakaa pamoja au zinatoka pamoja."

Alipanda kiti mwenyewe kuushusha.

Shangazi hakunisifu. Aliuinua mchoro mbele yake kama anayekagua samaki wa jana.

"Hata tope hajui," alisema.

Nilidhani atauchoma. Akanionyesha shimo.

"Vua viatu."

Nikaingia. Tope lilikuwa vuguvugu, likapenya baina ya vidole kama kitu kilicho hai. Nikachimba kwa mikono, nikaulaza mchoro chali, nikaanza kuufunika kwa makumbi mabovu. Nilikuwa navutia pumzi mdomoni, na hilo lilikuwa kosa, maana harufu ile sasa nikawa naila. Yeye kasimama juu, ushungi kaufunga barabara, anatazama mikono yangu.

"Basi, Shangazi?"

"Bado," alisema. "Uso unaonekana."