Kikombe Nilichokiweka Chini

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka masikio bado yananichoma. Nakuita mwanangu ingawa huenda umri wetu haupishani sana. Mimi bado nanyonyesha na sina mvi hata moja. Ila tumbo langu limezeeka mapema, na tumbo lililozeeka lina haki ya kutoa nasaha. Kaa unisikilize.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi, nimekwenda Nyakiriba, kijijini kwao mume wangu, kumsalimia mamamkwe. Akaleta maziwa ya mgando kwenye kikombe kikubwa, akaonja yeye kwanza mbele ya watu, kama desturi inavyotaka, ili kila mmoja aone kuwa hamna sumu ndani. Kisha akanipa. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikayatazama. Nikakiweka kikombe chini.

Kwetu, kukataa maziwa yaliyokwisha kuonjwa ni sawa na kumwambia mwenyeji kwamba unamwona mchawi. Wifi yangu ndiye aliyesema kwanza. "Donc mama yetu amekuwa mulozi?" akauliza, na hakuwa akitania. Mume wangu akatazama viatu vyake. Nami, mwenye mdomo ambao walimu wa sekondari waliuchoka, nikakosa neno.

Neno lenyewe lilikuwa dogo: nikinywa maziwa, naharisha. Basi. Hilo ndilo lililonishinda.

Maana nilikuwa naumwa tangu kabla ya harusi. Tumbo lilijaa kama ngoma, likanyonga, nikakimbilia chooni, nikatoka nimepata nafuu kidogo, kisha likaanza upya. Wiki nyingine likafunga kabisa. Nauza viazi vya Bugeshi pale mjini, soko la Mbugangari, na kila nilipoacha meza yangu mbio, jirani mmoja aliwaambia wateja, "Msubirini, amekwenda ofisini kwake." Watu wakacheka. Nami nikacheka nao, mjinga mimi.

Nilimeza dawa za minyoo. Nikameza za amiba, bila hata kupimwa, kwa sababu muuza dawa alinitazama usoni akasema ni amiba. Wengine wakasema nina mimba. Wengine, na hawa ndio bado nina hasira nao mpaka leo, wakasema nimelishwa sumu. "Jiulize, nani alikulisha kwanza ulipoingia ukoo ule?" Wakanielekeza kwa mganga wa kutapisha. Nikaenda. Akaninywesha majimaji machungu, nikatapika hadi macho yakawa mekundu, naye akanionyesha kitu ndani ya beseni akasema ndiyo hiyo sumu. Ilikuwa ganda la nyanya. Nilikula mwenyewe mchana ule. Nikarudi nyumbani na tumbo lilelile.

Wanasema lisemwalo lipo. Mwanangu, mimi nakwambia lililosemwa kuhusu mamamkwe wangu halikuwepo. Lakini sikulikataa pia. Niliogopa kutaja choo kuliko nilivyoogopa kutaja uchawi, na ona upumbavu ulivyo: sumu inasemwa sokoni kwa sauti kubwa, kuharisha hakusemwi hata kitandani na mume.

Baada ya kikombe kile, habari zilishuka kutoka Nyakiriba zikafika mjini kabla yangu. Mume wangu akawa anakula kimya. Siku moja akaniuliza kama nataka kupatana na mama yake au nataka aihesabu mahari yake kuwa imepotea. Nikajua ndoa yangu inaondoka, na mimi nimekaa tu nimeshika tumbo.

Aliyekuja ni mamamkwe mwenyewe. Huyu ni mama aliyekulia Masisi, akarudi Rwanda mtu mzima, na Kiswahili chake ni kile cha kule. Alisimama mbele ya meza yangu ya viazi, watu wakatega masikio.

"Mutoto wangu," akasema, "we unaona mi nilikupa sumu?"

"Sijui, mama. Najua nikinywa maziwa nakaa chooni. Na nikila maharage. Na nikiogopa kitu."

"Na hii yote ulisema kwa nani?"

"Kwa mganga."

"Kwa muganga ulifungua kinywa. Kwa mi mama ya bwana yako ukafunga." Akaanza kunikunjia gunia langu la viazi. "Mi nilizaa watoto saba, nikaosha nepi ya wote. Unafikiri mavi yako itanishinda? Vaa viatu, tunaenda hospitali."

Jirani yule wa utani wa ofisini hakucheka siku hiyo.

Daktari aliniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Je, kuna damu? Nguo zinalegea mwilini? Homa? Maumivu yanatulia nikishajisaidia? Wakapima choo, wakapima damu. Mwishowe akasema hakuna mdudu, hakuna kidonda. Nina utumbo unaokasirika upesi, ugonjwa wenye jina lake na wenye watu wengi. Hauui. Huenda nisiagane nao kabisa, ila unatulizwa.

"Bon," mamamkwe akasema. "Tumbo iko na hasira sawasawa na mwenyewe."

Nilicheka mpaka likauma.

Tukaanza polepole. Niliacha maziwa kwanza, nikaona. Maharage nikayapunguza, nikala machache yaliyoiva sana. Nikaacha kushinda na njaa kisha kujaza sahani jioni. Siku mbaya nina vidonge vya kutuliza msokoto, alivyoniandikia daktari. Bado zipo siku naacha meza mbio, sitakudanganya. Lakini siku nzuri zimekuwa nyingi kuliko mbaya, na nikienda Nyakiriba nakuta viazi vilivyomenywa na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kuchoma, wamewekwa pembeni, na ole wake atakayewagusa.

Kisha nikajifungua. Siku ya kumpa mtoto jina ndugu walijaa ua mzima, na wote walikuwa wanakumbuka kikombe kile. Maziwa yakazunguka. Nilipoona zamu yangu inakaribia, tumbo likaanza. Mamamkwe akainuka na kikombe kilekile kikubwa. Akaonja mbele ya watu wote, taratibu, akanipa. Nikatazama ndani. Yalikuwa maji ya moto.

"Mukamwana yangu maziwa inamuumiza," akawaambia. "Anakunywa hii. Mwenye swali aniulize mimi."

Wifi yangu akasogea kunipisha nikae karibu na mama yake. Nikanywa yote.

Basi mwanangu, mficha uchi hazai, na mficha tumbo hupoteza ukoo. Ukiumwa, taja choo kwa jina lake. Usikubali mtu akupe mchawi badala ya kipimo. Ukiona damu, ukikonda bila sababu, usingoje hata kesho, nenda hospitali. Na mtu akiweka kikombe chako chini, kabla hujakasirika muulize anaumwa wapi. Mimi niliulizwa, ndiyo maana nina nyumba.

Wazee wetu wakikubariki husema uwe na maziwa. Nami nakuombea uwe nayo, kama yanakupenda. Kama hayakupendi, Mungu akupe mtu wa kuonja maji yako mbele ya watu.